Mpaka Rangi wa Mpakani

Felistus Awor alikuja Busia kuuza dagaa, na siku ya tatu harufu ikamshinda. Shangazi yake, aliyemwita kutoka Nabuyoga amsaidie mezani sokoni, hakukasirika. Alimwangalia akisugua mikono kwa ndimu na sabuni, kisha akichokonoa kucha moja moja kwa kijiti cha kiberiti, akacheka.

"Wewe biashara yako iko hapo kwa vidole," akamwambia. "Si kwa samaki."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka tisa Felistus alipaka kucha katika kibanda kilichokuwa nyuma ya maduka ya vitenge, upande wa Uganda, mwendo mfupi kutoka kwenye geti la mpaka. Wanawake wa Kenya waliokuja kununua mahindi na nguo walipitia kwake kabla ya kuvuka kurudi. Wabadilisha fedha walimletea wake zao. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake, hata mteja akalazimika kumwuliza, "Sasa mwisho ilikuwaje?"

Kazi aliijua vizuri. Ukucha ulitaka msasa mwepesi kwanza, halafu rangi ya chini ya kushikia, halafu rangi yenyewe mara mbili, na mwisho ile ya juu isiyo na rangi, ya kung'arisha na kulinda. Mteja akirudi analalamika kwamba kucha zimekwaruzika, Felistus alipitisha ukucha wake mwenyewe juu ya alama. Ukiteleza, alijua ni ile ya juu tu iliyoumia. Ukinasa, alijua rangi imekatika, akaiondoa yote na kuanza upya.

Alhamisi moja mchana alikuwa akimpaka Winfred, mteja wake wa siku nyingi kutoka Busia ya Kenya, pale mume wa Winfred alipofika kumchukua. Huyo mume aliitwa Oguttu. Alikuwa dereva wa mama mmoja wa Tororo, Babra Akello, aliyekuwa na Prado nyeusi ya kukodisha kwa arusi na sherehe za utambulisho, pale bwana harusi anapopelekwa kwa wakwe. Siku hiyo Oguttu alishuka kwenye gari akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Winnie, mimi nimekwisha," alisema. "Madam akiona hii kitu, Jumatatu niko nyumbani nachunga kuku."

Walitoka kuangalia. Prado ilikuwa imetoka Sop Sop, kumpeleka bwana harusi kwa wakwe. Njia ya kuingia kwenye boma ilikuwa nyembamba, michongoma huku, lantana kule, na Oguttu hakuweza kurudi nyuma kwa sababu magari manne yalikuwa yakimfuata yakipiga honi. Milango yote ya upande wa kushoto ilikuwa na mistari myeupe, mirefu, kama mtu ameipigia hesabu kwa chaki.

Felistus alikuwa amemwacha Winfred na vidole vitatu vyekundu na viwili vitupu. Aliinama, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mstari mmoja. Akapitisha juu ya mwingine. Akatembea hivyo kutoka mlango wa mbele hadi taa ya nyuma, akinong'ona peke yake.

"Hii haikufika kwa rangi," akasema. "Imekwaruza ile ya juu tu. Hata gari iko na ile ya juu ya kung'aa, si ndiyo?"

"Wewe ni fundi wa kucha ama wa magari?" Oguttu akauliza.

"Lete kidole yako. Pitisha hapa. Inateleza, si ndiyo? Sasa pitisha hapa chini. Umesikia imenasa? Hiyo ndiyo mbaya. Ziko nne tu. Zile zingine zote ni kelele."

Oguttu alipitisha kidole mara tatu, na kwa mara ya kwanza tangu Sop Sop akavuta pumzi.

Felistus angeishia hapo, akarudi kwa vidole viwili vya Winfred, hadithi hii isingekuwapo. Lakini mikono yake haikuwahi kujua kutulia. Alichukua kile kibonge laini cha kusugulia kucha, akakichovya kwenye maji ya sabuni, akasugua mstari mmoja mdogo karibu na kishikio cha mlango. Mstari ukapotea. Wote watatu wakapiga makofi. Kisha maji yakakauka, na mahali pale pakabaki doa la ukungu, kubwa kama sarafu, lisilong'aa hata kidogo.

"Sasa umeongeza!" Oguttu akapiga kelele. "Dada, umeongeza!"

Felistus hakusubiri kulaumiwa. Alipanda kiti cha mbele na kumwambia aendeshe hadi kwa Mzee Okwi.

Mzee Okwi alikuwa na gereji ya rangi kwenye barabara ya kwenda Tororo. Ilikuwa ni mabati juu ya nguzo nane, na sakafu yake ilikuwa imemwagikiwa rangi za kila gari lililopita mjini kwa miaka arobaini. Kwake hakukuwa na mkwaruzo mdogo. Ukimletea mlango wenye alama moja, aliupiga msasa mlango mzima na kuupulizia rangi mpya. Alisikiliza maelezo ya Felistus akiwa ameketi juu ya tairi, na alipofika kwenye kibonge cha kucha, akacheka hadi kofia ikaanguka.

"Umesugua Prado na dawa ya wanawake!"

"Ndiyo, mzee. Sasa nisaidie, halafu utacheka yote."

Okwi alichota dawa nyeupe nzito kwenye kopo, akaiweka juu ya kitambaa laini, akasugua lile doa kwa mzunguko mdogo mdogo. Ukungu ukaondoka. Ukaja mng'ao, na ndani ya mng'ao Felistus akaona uso wake mwenyewe, mdomo ukiwa wazi.

"Sikiliza," mzee akamwambia, sasa bila kucheka. "Msasa inakata. Hii inalainisha. Ya mwisho, nta, inafunika. Ukiruka moja, gari itakusema mbele ya watu."

Walifanya kazi hadi jua likashuka. Winfred alikuja kwa boda boda akaketi akisubiri, mkono mmoja mwekundu wote, wa pili umeishia njiani. Ile mikwaruzo minne iliyonasa ukucha, Felistus aliijaza kwa brashi yake nyembamba ya kuchorea maua ya kucha. Okwi alikuwa amemtilia rangi nyeusi kidogo kwenye kizibo cha chupa. Alipaka tone kwa tone, akaacha likauke, akaongeza, akafunika kwa ile ya juu, kisha wakasawazisha kwa msasa laini sana na maji mengi. Okwi alisimama nyuma yake kwa muda mrefu.

"Mkono huo umeutoa wapi?" akauliza.

"Kwa vidole vya watu, mzee."

Oguttu aliirudisha Prado Tororo usiku huo, na Jumatatu hakuchunga kuku. Jumatatu hiyohiyo Felistus alikuwa mlangoni kwa Okwi saa moja asubuhi, amevaa ovaroli ya kuazima iliyomfika kwenye vidole vya miguu. Hakuwa na maneno mengi siku hiyo. Alisema tu kwamba anataka kujua.

"Kucha zako nani atapaka?" Okwi akauliza.

"Hizo ni za jioni."

Kwa mwaka mzima akaishi hivyo. Asubuhi alikuwa gerejini, mchana akinawa kwa mafuta ya taa na kukimbilia kibandani. Sokoni wakamcheka. Shangazi yake akaulizwa kama msichana wake amechoka na binadamu sasa anapaka kucha mabati. Lakini madereva wa magari ya shambani walianza kumjua: gari la chanjo ya ng'ombe lililozunguka Nabuyoga kila mwezi, pikapu ya wapima ardhi, Land Cruiser ya kanisa. Haya yalikuwa magari ya kupita katikati ya vichaka, na hakuna dereva aliyetaka kupakiwa rangi mlango mzima kila mwisho wa mwezi. Felistus aliwapa somo lilelile. Aliosha kwanza, tena kwa maji mengi, kwa sababu vumbi la barabara zetu ni msasa. Akapima kwa ukucha. Akatibu mkwaruzo peke yake na kuacha rangi nzima iliyobaki ipumzike. Akamaliza kwa nta, ili miiba ya safari inayofuata iteleze.

Ndipo Babra akaja mwenyewe.

Babra Akello alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, aliyezoea kusema jambo mara moja. Alikuwa amepata safari nyingine ya utambulisho Sop Sop, tena kwenye boma jirani na lile la kwanza. Prado ilikuwa imetakwa kwa jina. Wiki moja baada ya safari hiyo ilikuwa na arusi kubwa Tororo.

"Sitaki unirekebishie baada ya kuumia," akamwambia Felistus. "Nataka isiumie. Unaweza?"

"Naweza," Felistus akasema, kabla hajajua ataweza vipi.

Alikuwa amesikia kwamba kuna karatasi ya plastiki angavu, inayobandikwa juu ya rangi ya magari ya safari na kubanduliwa baadaye. Busia hakuipata. Kampala ilikuwepo, lakini ingefika wiki mbili baada ya sherehe. Jioni moja akiwaza hayo, aliona watoto wakiteleza kwenye tope wakiwa wamekalia bango la kampeni. Uchaguzi ulikuwa umekwisha miezi michache tu, na mabango ya plastiki nene yalikuwa kila mahali: juu ya mapaa yanayovuja, juu ya magunia ya mkaa, kwenye kuta za vyoo. Yalikuwa magumu, laini upande mmoja, na hakuna aliyeyadai. Siku ya pili Felistus alikusanya sita ya mgombea mmoja aliyeshindwa vibaya. Alikata kipimo cha milango, akageuza picha ndani ili wakwe wasione siasa, akayabandika kwa tepu ya karatasi ile wanayotumia mafundi wa rangi. Prado ikaonekana kama mtu aliyefungwa bandeji, lakini bandeji nyeupe, safi.

Jumamosi asubuhi waliondoka, Felistus akiwa kiti cha mbele na tepu mkononi. Bwana harusi na wazee wake walikuwa nyuma, wamenyooka kama nguzo wasikunje suti. Oguttu alikuwa na furaha kubwa. Alipita Tororo, akaacha lami, akaingia kwenye vumbi.

Shida ilianza kwenye daraja dogo. Upepo uliingia chini ya bango la mlango wa kulia, likachomoka nusu na kupigapiga kama bawa la kuku. Wakasimama. Wazee wakaangalia saa. Felistus aliruka chini, akalibandua lote, akalirudisha upesi, akabandika tepu nyingi, akapanda. Mbele kidogo bango la kushoto nalo likafanya vilevile. Akaruka tena. Ilikuwa ni haraka na vumbi na honi, na hakugundua kwamba mara zote mbili alikuwa ameligeuza bango upande usio wake.

Kwa hiyo Prado iliingia Sop Sop ikiwa na uso wa mgombea aliyeshindwa, unaotabasamu kila upande, na maandishi makubwa: NITAREJEA.

Mtu wa kwanza kuwaona alikuwa mwanamke aliyekuwa akianika mihogo. Alisimama wima, akapiga kigelegele ambacho hakikuwa cha furaha, kikamleta jirani, jirani akaleta wengine. Kabla hawajafika kwenye njia ya michongoma, barabara ilikuwa imejaa watu. Mzee mmoja mwenye fimbo alisimama mbele ya boneti na kuinua mkono.

Oguttu akashusha kioo. "Wazee wangu, habari zenu? Sisi ni wageni tu, tunaenda harusi."

"Mwambie ashuke," mzee akasema kwa Kiswahili cha taratibu. "Yeye aliahidi kisima. Tulimngoja na mitungi."

"Nani, mzee?"

"Huyu!" Mzee akagonga mlango kwa fimbo, katikati ya meno ya mgombea.

Felistus alitoa kichwa dirishani, akatazama chini, akaona. Damu ilimpanda usoni, kisha, kama kawaida yake, kicheko kikatangulia. Akashuka. Aliongea kwa Kidhopadhola, lugha ya huko, mikono ikiruka, akawaeleza yote: michongoma, mikwaruzo, mama wa Tororo, mabango ya chooni. Kwanza walimtazama kama mwongo. Kisha mwanamke wa mihogo akasogea, akainua pembe ya bango, akaona rangi nyeusi inayong'aa chini yake.

"Ati huyu mheshimiwa," akasema, "mmemleta achomwe na miiba kwa niaba ya gari?"

"Ndiyo, mama. Hiyo tu."

Watu waliangua kicheko hadi mzee wa fimbo akaketi chini. Alipoweza kusema, akatamka kwamba hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo mheshimiwa amewahi kufanyia Sop Sop, na lazima aifanye vizuri. Wakaisindikiza Prado kwa nyimbo ndani ya njia ya michongoma. Miiba ikakwaruza bango kwa sauti ya kutisha, ikachana paji la uso wa mgombea, ikamtoboa shavu, na kila ilipomkwaruza watu walishangilia. Bwana harusi alifika kwa wakwe na umati ambao hakuna mkwe aliyewahi kufika nao. Wazee wa msichana walidhani amekuja na ukoo wake wote, wakavutiwa sana.

Baada ya chakula, Felistus alibandua mabango nyuma ya boma. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja wa mwiba. Alitaka kupiga kelele ya furaha. Kisha jua likapiga ubavu wa gari kwa pembeni, na akaona utando. Milango yote ilikuwa na mistari midogo, maelfu, ya mviringo, kama buibui amelala juu yake. Vumbi lilikuwa limeingia chini ya bango pale liliponing'inia, na kwa kilomita zote zile plastiki ilikuwa imelisugua juu ya rangi. Yeye aliyekuwa akiwafundisha madereva kwamba vumbi ni msasa, alikuwa amelifunga vumbi hilo kwenye gari kwa tepu.

"Haionekani sana," Oguttu alimwambia wakirudi. "Madam anaangalia mikwaruzo mikubwa. Hii tunyamaze, utapaka nta, basi."

Felistus alikaa kimya kutoka Sop Sop hadi Tororo. Oguttu alisema baadaye kwamba kimya hicho kilimwogopesha kuliko umati.

Babra alikuwa akiwasubiri kwenye kibaraza, simu mkononi. Hawajazima injini Felistus akashuka.

"Madam, gari haikukwaruzwa na miiba. Lakini mimi nimeiharibu. Njoo uone huku, kwa jua. Vumbi liliingia ndani ya kile kitu yangu, ikasugua. Ni kosa yangu, si ya Oguttu."

Babra hakulitazama gari. Alimgeuzia simu. Kwenye picha, Prado ilikuwa katikati ya umati, mgombea akitabasamu, Felistus amesimama mbele yake na mikono juu kama mpiga kampeni.

"Watu kumi na saba wamenipigia," Babra akasema. "Kasisi pia. Wanauliza ni lini nimehamia chama cha huyu mtu."

Kisha bega la Babra likatikisika. Alijaribu kulizuia, akashindwa, akaketi kwenye ngazi akicheka bila sauti, machozi yakitiririka. Alipomaliza, akafuta uso na khanga, akasimama, akaenda kuangalia utando kwenye jua. Aliuangalia kwa muda.

"Mimi nisingeliona hili," akasema. "Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu mimi nimeliona."

"Arusi ni Jumamosi ijayo. Nataka niweze kujipaka podari mbele ya huo mlango."

Felistus aliipeleka Prado kwa Okwi. Kazi ya kuondoa utando kwenye rangi nyeusi ilitaka ile mashine ya kuzungusha sifongo, na mashine hiyo Okwi hakumruhusu mtu kuigusa. Ukiikaza mahali pamoja kwa muda, hasa kwenye ukingo wa mlango, inachoma ile ya juu na kuingia kwenye rangi. Mzee alianza mwenyewe. Baada ya mlango mmoja Felistus akaleta taa yake ndogo ya kukaushia kucha, akaishika kwa pembeni.

"Mzee, hapa bado. Na hapa. Na huku umeipita kabisa."

Okwi alizima mashine. Akakuna ndevu.

"Onyesha tena."

"Hapa, mzee. Iko kama utando."

"Sioni kitu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Awor, sioni kitu. Nina miaka mitatu sioni. Unafikiri kwa nini mimi napaka mlango mzima? Siwezi jua ni mkwaruzo gani mdogo na gani mkubwa. Ninapaka yote, halafu namwomba Mungu."

Felistus aliishusha taa. Mzee akamwekea mashine mikononi, nzito kuliko alivyodhani.

"Usisimame mahali pamoja," akamwambia. "Iache itembee. Mimi nitasikiliza. Ikianza kukosea, masikio yangu yatajua."

Walifanya kazi siku nne. Felistus aliongoza mashine akitazama kwa taa, na Okwi aliketi kwenye tairi macho yamefumbwa, akisikiliza mlio. "Polepole," alisema. "Umekaza sana. Nyanyua. Hapo, hapo ndiyo." Siku ya nne jioni alikuja Oguttu, akasimama mbele ya mlango, akarekebisha kola yake. Babra alikuja siku iliyofuata na podari. Alijipaka, akageuza uso huku na huku, akasema, "Sawa," na kwa Babra hiyo ilikuwa hotuba. Kisha akamwambia Felistus kwamba kuanzia siku hiyo kila gari lake litapita kwake kabla ya safari na baada ya safari.

Lakini Felistus alikuwa na safari yake. Wiki iliyofuata alimshika Okwi mkono, akampandisha kwenye gari la Tororo, akampeleka kliniki ya macho. Mzee alilalamika njia nzima kwamba yeye haumwi. Daktari alimulika mara moja tu.

"Mtoto wa jicho," akasema. "Macho yote mawili. Tutaanza na hili la kulia."

Sasa kazi iko hivi. Ile karatasi angavu ya Kampala imefika, na Felistus huibandika mahali ambapo miiba hupenda: kingo za milango, chini ya vishikio, pembe za bampa. Haibandiki kitu chochote juu ya gari ambalo hajaliosha mara mbili. Na kabla ya sherehe yoyote ya kijijini, hupiga simu kwa wenye boma na kuwaomba, kwa heshima zote, wapunguze ua wao kwa panga. Wengi hukubali. Wa Sop Sop walimjibu kwamba watafyeka, ila wanaomba mheshimiwa aletwe hata hivyo, kwa sababu watoto wanamwulizia. Kucha anapaka Jumapili baada ya kanisa, na Winfred bado ni wa kwanza kwenye foleni.

Okwi alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi wa sita. Siku bandeji ilipoondolewa, Felistus alimrudisha gerejini, akamketisha kwenye tairi lake, akasimama kando asimsumbue. Mzee alitazama mabati. Akatazama sakafu yake ya rangi nyingi, na kusema ni nzuri. Akatazama mikono yake. Kisha lori la matofali likapita polepole barabarani, kichwa chake cha kijani upande mmoja na kijani nyingine upande wa pili, na chini ya dirisha rangi ilikuwa imechuruzika na kukauka kama uji.

Okwi akasimama. "Lo! Nani alipaka hiyo?"

Felistus akauma mdomo. "Wewe, mzee. Mwaka jana."

Mzee alitoka mbio hadi barabarani, akapunga mikono miwili, lori likasimama. Alimsihi dereva aliache hapo siku tatu, atalipaka upya lote, bure, na kuomba msamaha juu yake. Dereva, kijana wa Rubongi aitwaye Ecodu, alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea usukani.

"Hapana, mzee," akasema. "Hii lori ukipaka rangi moja, nani atanijua? Wateja wote wananiita Kijani Mbili."

Akapiga honi, akaenda zake na matofali yake. Okwi alibaki amesimama kando ya barabara akilitazama lori hadi lilipopotea, akifumba jicho moja, akifumbua, akifumba lingine.

"Kumbe hata vumbi ina rangi," akasema.

Felistus alikuwa ameanza kucheka kitambo.